Santuri Kuukuu na Hukumu ya Sikio

Mtu anayerithi sanduku la santuri kuukuu aghalabu hutenda moja katika mambo mawili: ama huliona takataka akalitupa uani, watoto wakazirusha sahani zake hewani hata zikavunjika zote, ama huliona tunu akalipandisha juu ya kabati na kuwaonya watu wa nyumba wasiliguse, na yote mawili, ijapokuwa la pili lina adabu kuliko la kwanza, mwisho wake ni mmoja, nao ni kuwa muziki haumfikii mtu. Santuri ilifanywa isikilizwe. Na kusikiliza, kwa rai yangu, si kuiinamia kila sauti ya kale kwa taadhima tupu, kana kwamba umri peke yake ni sifa, bali ni kuipima sauti hiyo kwa insafu, kuisifu palipo na uzuri na kuikosoa palipo na ila, sawasawa na tunavyomhukumu mwimbaji aliye hai asimamapo mbele yetu usiku wa harusi. Wafu wana haki ya kuhukumiwa kama walio hai, maana asiyehukumiwa hajasikilizwa.

Santuri zangu zimekusanyika bila mpango wala madhehebu. Nyingine nilizipata kwa mafundi wa redio, nyingine kwa wenye maduka waliokuwa wakifunga biashara, nyingine nilitunukiwa na wazee ambao hawakuwa tena na kitu cha kuzipigia; hata leo, katika sanduku moja, Misri imekaa ubavuni mwa Katanga, Havana imegusana na Morogoro, na Bombay imelala juu ya Nairobi. Atazamaye kwa haraka huona fujo. Lakini fujo hiyo ndiyo tarehe ya masikio ya watu wa pwani na bara yake katika karne ya 20, kwa kuwa hapakuwa na zama ambazo bandari zetu zilipokea vitambaa, tende na mitambo ya kushonea nguo zikakataa kupokea nyimbo. Na mtu atakaye kulichambua sanduku hilo, aweke huku muziki ulio wetu na kule muziki wa wageni, atafika jioni akiwa na santuri nyingi mkononi asizojua pa kuziweka.

Inafaa kwanza kukieleza kitu chenyewe, kwa ajili ya vijana ambao wamekiona katika picha tu. Thomas Edison alinasa sauti kwenye mtungi unaozunguka mwaka 1877; miaka kumi baadaye Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, akaibandika sauti kwenye sahani bapa, na sahani ikashinda kwa sababu ya wepesi wa kufyatuliwa nakala nyingi kutoka katika chapa moja. Kila upande wa santuri una mfuo mmoja tu, unaoanza ukingoni na kujizungusha hata karibu na kitovu, na kuta za mfuo huo zimechongwa kwa kufuata mtikisiko wa sauti. Sindano inapopita ndani yake hutikisika kwa namna ile ile, na mtikisiko huo ukakuzwa, zamani kwa pembe na baadaye kwa umeme. Santuri za kwanza zilifanywa kwa utomvu wa wadudu wa India, ule ule unaotumika katika lakiri, uliochanganywa na unga wa mawe. Nzito, zenye kuvunjika upesi, zilizunguka mara 78 kwa dakika, na ile ya inchi 10 haikubeba zaidi ya dakika 3 na kidogo kila upande. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikatoa santuri kubwa ya plastiki ya vinili, iitwayo LP, iendayo mara 33 na theluthi kwa dakika, yenye kuchukua zaidi ya dakika 20 upande mmoja, na mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mara 45.

Naitaja mizunguko hii na dakika hizi kwa sababu kubwa. Watu wengi hudhani kuwa santuri ilikuwa chombo tu, nao muziki ukatiwa ndani yake ukiwa umekwisha kuwa vile ulivyo, ilhali chombo hicho kilikuwa na amri: kilimwambia mwimbaji aanze lini na anyamaze lini, kikamkata ulimi katikati ya kisa, kikamlazimisha mpiga gitaa kugawa wimbo wake nusu mbili. Asiyejua amri hiyo atamlaumu mwimbaji kwa kosa lisilo lake, au atamsifu kwa fadhila iliyotokana na sahani.

Mfano ulio mkubwa kwetu ni Siti binti Saad. Bibi huyu, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alisafiri na wenziwe mwaka 1928 kwenda Bombay kuimbia kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa asikilizaye pembe, na santuri zake zikarejea zikauzwa mwambao wote. Zilikuwa zimepita kama miaka mitatu tu tangu maikrofoni ianze kutumika katika kurekodi, badala ya mwimbaji kupiga kelele ndani ya pembe. Bahati hiyo ndiyo iliyotuokolea sauti yake ikiwa na umbo lake. Sasa sikiliza. Kwanza hukujia mvumo wa sahani yenyewe, mpana na wenye kurudi kila mzunguko. Kisha ala zinaingia pamoja, udi na fidla na ngoma ndogo, bila ule utangulizi wa taratibu ambao wapigaji wa taarabu hujipimia nao, na karibu mara hiyo hiyo Siti yumo. Hasubiri. Hana wakati wa kusubiri. Wimbo ambao katika baraza ya Unguja ungeweza kuzungushwa, kurudiwa kwa ombi la watu na kuongezewa beti kadiri usiku ulivyoruhusu, hapa umebanwa katika dakika tatu, na mwishoni unasikia waziwazi kwamba wapigaji wanajua sahani inakwisha.

Kwa hiyo nasema, na wapo watakaonikasirikia, kwamba santuri za Siti zina haraka ambayo haikuwa yake, na anayezisikiliza akidhani amesikia taarabu ya Unguja ya miaka ya 1920 kama ilivyokuwa amesikia kipande tu. Lakini katika kipande hicho mna jambo ambalo sijalisikia tena kwa ukamilifu ule. Sauti yake haikulegea wala haikujipamba. Imekaa juu, ina ukavu kidogo, na inayatamka maneno yote hata ya mwisho wa ubeti, pale ambapo waimbaji wengi huuachia muziki uwamalizie kazi. Alikuwa mwimbaji wa habari. Wimbo wake wa Kijiti, unaohusu mwanamke aliyeuawa, na muuaji aliyekimbia, na mashahidi walioishia kuadhibiwa wao, haukukusudiwa kuburudisha peke yake; ulikusudiwa kufahamika na mpagazi na mfuaji nguo, na maneno yasiyosikika vizuri yangeliua kusudi hilo. Wale wanaomsifu Siti kwa utamu wamemsifu kwa kitu alichokuwa nacho kidogo kuliko wengine. Sifa yake ni ubainifu, na ubainifu huo ndio uliovumilia lakiri, mvumo na haraka ya Bombay.

Bombay hiyo hiyo, katika muongo uliofuata, ilimpokea baharia kutoka Sur katika Oman, Salim Rashid Suri, ambaye naye aliacha sauti na udi wake kwenye santuri. Na ukiziweka sahani za watu hawa wawili pamoja, unatambua kuwa njia ya majahazi kati ya Ghuba, India na Unguja ilikuwa imepata mzigo mpya.

Upande wa pili wa jambo hili ni Misri. Unguja ilikuwa ikiisikiliza Misri tangu kabla ya santuri. Klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905 na vijana waliotamani muziki wa namna hiyo. Ninazo santuri za zamani za Umm Kulthum, za mara 78, na sizipendi sana. Ni maonyesho ya koo, mazuri kwa kustaajabiwa, lakini yasiyo na nafasi. Umm Kulthum ninayemhusudu ni yule wa uzeeni, wa maonyesho ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi yaliyorushwa na redio ya Kairo, ambayo santuri kubwa za LP ndizo zilizoweza kuyabeba. Chukua Enta Omri, uliotungwa na Mohammed Abdel Wahab mwaka 1964: ala hutangulia peke yake kwa muda mrefu, pamoja na gitaa la umeme ambalo nakiri kulipenda, na mwimbaji anapoingia hana deni la saa kwa mtu, huishika sentensi moja akairudia, akaipindua, akaipunguza, watazamaji wakampigia kelele arudie tena, naye hurudia, lakini harudii sawasawa. Hapo ndipo msikilizaji anaelewa kile ambacho Siti alinyimwa kule Bombay. Ningalitoa sehemu kubwa ya sanduku langu kupata upande mmoja wa LP wenye Siti akiimba kwa dakika 20 bila kukatwa. Haupo, kwa kuwa alifariki mwaka 1950, nayo LP ilikuwa na miaka miwili tu huko Marekani.

Nyimbo za filamu za India, zilizojaa katika maduka ya Mombasa na Dar es Salaam, nitazipita upesi, si kwa dharau bali kwa sababu athari yake naipenda zaidi kuliko yenyewe. Juma Bhalo wa Mombasa alichukua lahani za filamu akazitia mashairi ya Kiswahili, na wapo waliomwita mwizi. Mimi simwiti hivyo. Lahani ya Kihindi ilikuwa kwake kile ambacho bahari ya shairi ni kwa malenga: ameikuta, na kazi yake ni kusema jambo jipya ndani ya kipimo kilichokwisha kuwapo. Tena alisema, na kwa sauti yenye kulia ambayo haifanani na ya mtu mwingine. Ninaposikiliza santuri ndogo za Mombasa zenye chapa ya Mzuri, zilizotolewa na duka la Assanand and Sons, ninampa Zein l'Abdin wa Lamu heshima ya udi, kwa jinsi anavyouacha uzi ulie hadi uishe kabla hajagusa mwingine. Lakini heshima ya sauti naiacha kwa Bhalo.

Jambo la Kuba linahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa dhana potofu ni nyingi. Tangu mwaka 1933 kampuni iliyokuwa na nembo ya yule mbwa iliuza barani Afrika mfululizo wa santuri za inchi 10 zenye herufi GV, ndani yake mna El Manisero wa Don Azpiazu na kazi za Trio Matamoros na Sexteto Habanero, na zikapendwa kutoka Dakar hadi Leopoldville hadi kwetu. Watu waliisikia midundo ile wakaitambua, na haikuwa ajabu, kwa kuwa wahenga wa wapigaji wengi wa Kuba walichukuliwa utumwani kutoka Kongo na Afrika ya Magharibi. Huko Morogoro, Salum Abdallah, aliyeanza bendi yake mwaka 1948, akaiita Cuban Marimba, na jina hilo limewafanya watu wengi waamini kuwa alikuwa mwigaji. Nakataa. Weka sahani ya Havana, kisha weka ya Morogoro, na usikilize mahali pa mwimbaji: kule mwimbaji amekaa ndani ya mdundo, ameshikwa nao, huku Salum Abdallah yuko mbele kidogo, anazungumza, anashauri, anamsema mpenzi au jirani kwa Kiswahili ambacho mzee wa Uluguru na kijana wa Kariakoo wangekielewa kwa pamoja. Magitaa yanazunguka chini yake bila kupanda juu ya maneno. Huo ni mpango wa mtu aliyelelewa katika mashairi, na Havana haikumfunza. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na mpaka leo sijapata mtunzi wa dansi aliyemzidi kwa unadhifu wa ubeti.

Ikiwa nitaulizwa santuri ipi moja ndiyo bora kuliko zote nilizo nazo, sitajibu Siti wala Salum. Nitajibu Masanga, ya Jean Bosco Mwenda. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alimkuta kijana huyu huko Jadotville katika Katanga, mji uitwao sasa Likasi, akipiga gitaa lake la mbao na kuimba Kiswahili cha migodini. Hakuna kingine ndani ya sahani ile: mtu mmoja, gitaa moja. Kidole gumba kinashikilia nyuzi nene, kidole cha shahada kinapita katika nyuzi nyembamba, na baina ya viwili hivyo unasikia sauti tatu, mpaka unaanza kumtafuta mpigaji wa pili. Mwenda anaimba kidogo kisha anaachia gitaa, na gitaa haliimbi lahani ile ile bali linaijibu. Hapa dakika tatu hazikuwa gereza. Wimbo umekuwa mfupi kwa sababu umekwisha, na hilo ni nadra mno katika santuri za mara 78. Wapiga gitaa wa Nairobi na Uluhya, akina George Mukabi na chupa ya soda iliyogongwa kwa kufuata mdundo, walikuwa wakilijibu gitaa hilo kwa namna yao, na mtu akizisikiliza sahani hizo kwa mfuatano atajionea jinsi jambo moja lilivyoweza kuvuka nchi.

Nairobi ndiko kulikokuwa na kiwanda cha kufyatua santuri kwa ajili ya Afrika ya Mashariki, na kwa hivyo ndiko bendi nyingi za Tanganyika na Kongo zilikosafiri kurekodi. Kutoka huko zilitoka zile sahani ndogo za mara 45 ambazo kwa kweli ndizo roho ya dansi letu, na hapa namwomba msomaji achukue moja mkononi pamoja nami. Karatasi ya katikati ina jina la wimbo, jina la bendi, na pande zote mbili jina ni lile lile. Tofauti ni namba, 1 huku na 2 huko. Weka upande wa kwanza. Gitaa la solo linafungua kwa maneno machache, rithimu inalipokea, besi inaingia kwa chini, na waimbaji wawili wanaanza kisa: nimekukosea nini, mbona umenihama, majirani wamekutia maneno. Kisa kinakwenda ubeti kwa ubeti bila pupa. Kisha, pale ambapo mwimbaji amekwisha lalamika na magitaa yanaanza kuchangamka, sauti inapungua, inazidi kupungua, sindano inakimbilia kitovuni. Unasimama. Unainua mkono wa gramafoni, unapindua sahani, unaweka sindano tena. Na upande wa pili unaanza katikati ya moto, kwa maana sasa ni chemko, waimbaji wamebaki na kibwagizo tu na magitaa matatu yanasokotana hadi mwisho.

Sioni kuwa mapumziko yale ya kupindua ni kasoro. Watunzi wa bendi walijifunza kuyatumia. Nyimbo bora za Nairobi na za Watanzania waliohamia huko, akina Simba Wanyika na Les Wanyika, zimepangwa hivyo kwamba upande wa kwanza una shauri la kusikilizwa kwa masikio na upande wa pili una shauri la miguu, na mwenye santuri ndiye aliyeamua kama atavuka kutoka huku kwenda huko. Leo nyimbo hizo zinaunganishwa na kupigwa kwa mfululizo, na watu husema zimekamilika. Mimi naona zimepoteza mlango. Hasa Sina Makosa wa Les Wanyika: sifa yake yote iko katika utulivu wa mwanzo wake, besi iliyo pole na gitaa lisilo na haraka, na ukiusikiliza huku ukingojea chemko hutausikia.

Mbaraka Mwinshehe ni jambo tofauti. Alikuwa mpiga solo na mwimbaji pamoja, kwanza katika Morogoro Jazz, ambao aliongozana nao hadi maonyesho ya Osaka huko Japani mwaka 1970, kisha katika Super Volcano. Alifariki mwezi wa Januari 1979 kwa ajali karibu na Mombasa, hajafikia umri wa miaka 35. Santuri zake ninazo nyingi, na siwezi kuzisifu zote. Alirekodi sana, na katika baadhi ya nyimbo gitaa lake linarudi katika njia zile zile, tena wapulizaji wake mara nyingine wako chini kidogo ya sauti ya magitaa. Lakini wimbo Shida unatosha kumweka juu. Anauimba bila kujihurumia. Anaihesabu dhiki ya mtu wa kawaida kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi barazani, na gitaa halimlilii bali linamsindikiza. Wengi waliokuja baada yake walilifanya gitaa lilie, na hilo limeharibu nyimbo nyingi za huzuni.

Hapa lazima niseme neno la tahadhari juu ya sanduku langu na masanduku yote ya namna hii. Tanzania ilipokuwa inalea bendi nyingi mno, za vyama, mashirika na wilaya, yaani NUTA Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Atomic na Jamhuri za Tanga, kazi zao nyingi zilinaswa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, zikahifadhiwa katika tepu na kurushwa hewani. Zilizofika kwenye santuri ni zile ambazo wenyewe walipata safari ya Nairobi au mkataba wa kampuni. Kwa hiyo mtu akiuhukumu muziki wa dansi wa Tanzania kwa santuri peke yake atawahukumu waliosafiri na kuwasahau waliobaki. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilipendwa na taifa zima kwa njia ya redio kabla watu wengi hawajaona santuri yake hata moja. Ghala la tepu zile, kwangu, lina thamani kuliko santuri zote zilizobaki katika mji wa Dar es Salaam, na kila siku inayopita katika unyevu wa pwani huzipunguzia umri. Nasema hivi kwa uchungu, kwa maana mimi ni mpenzi wa santuri.

Kuna jingine linaloniudhi. Kwa miaka mingi sasa wanunuzi kutoka Ulaya wamekuwa wakipita Nairobi, Mombasa na Unguja wakinunua sahani kwa masanduku, na wengi wao ni watu wa shauku ya kweli. Kazi waliyoifanya baadhi yao siwezi kuikana: mfululizo uitwao Zanzibara, ulioanza kutolewa na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa mwaka 2005, umewarudishia wasikilizaji taarabu na dansi ambazo sisi wenyewe tuliziacha ziliwe na kuvu. Lakini nakala iliyorudi si sahani iliyokwenda, na mwanafunzi wa Zanzibar anayetaka kuishika santuri ya bibi yake kwa mkono sasa aghalabu hana budi kuisaka ng'ambo. Tena wako mafundi ambao katika kuzisafisha sauti hizi huuondoa mvumo wa sahani kwa mitambo hata wakaondoa na pumzi ya mwimbaji, na mkwaruzo wa kucha kwenye uzi wa udi, na ule mwangwi mdogo wa chumba. Hutoka sauti safi iliyo mbali. Kati ya mvumo na usafi wa namna hiyo, mimi nachagua mvumo, kwa kuwa sikio huuzoea baada ya muda mfupi, bali pumzi iliyofutwa hairudi.

Kwa yule anayetaka kuanza, haya yatamfaa. Santuri zisilazwe moja juu ya nyingine bali zisimamishwe wima, mbali na jua, maana vinili hujipinda kwa joto la dirisha moja la adhuhuri. Za vinili zaweza kuoshwa kwa maji na sabuni kidogo, karatasi ya katikati isiguswe, kisha zikaushwe kwa kitambaa laini. Za lakiri zisioshwe kamwe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha utomvu wenyewe. Mfuo wa santuri ya mara 78 ni mpana, na sindano ya kawaida ya LP ni nyembamba, itatambaa chini yake ikichokora taka na kutoa mvumo mtupu. Itafutwe sindano nene iliyofanyiwa kazi hiyo, na kwa gramafoni ya kutiwa ufunguo sindano ya chuma ibadilishwe kila upande, kwa kuwa ikichakaa hugeuka patasi.

Na unapokwenda kununua, iwe kwenye vibanda vya Kenyatta Market jijini Nairobi au kwa fundi wa mtaani kwako, usitosheke na ganda zuri. Ishike sahani kwa kingo, iinamishe kwenye mwanga wa nje: mfuo uliochakaa hung'aa kijivu, hasa palipo na sauti kubwa, na michirizi myembamba kuzunguka tundu la katikati huonyesha kuwa imewekwa na kutolewa mara nyingi. Kisha omba ipigwe, na usikubali kusikilizishwa mwanzo tu, kwa maana kadiri sindano inavyokaribia kitovu ndivyo mfuo unavyopita chini yake kwa mwendo mdogo zaidi, na hapo ndipo sauti huharibika kwanza. Chemko la wimbo mzima limo katika vidole viwili vya mwisho vya upande wa pili, na bei ijadiliwe baada ya hapo.